Mzee Ashok na Simu ya Mwaka Ujao

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Nyasani mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara wa Keroka, Mchungaji na wazee wa kanisa, Bi. Chandni binti wa Mzee Ashok pamoja na jamaa zako mliotoka Nairobi, mama zangu wa soko la ndizi, madereva wa malori ambao mmeegesha vibaya na mnajua, na wewe mwenyewe Mzee Ashok, uliyeketi hapo mbele mguu juu ya kiti kama sultani: nawasalimu nyote. Kama kuna mkubwa niliyemruka, anisamehe. Nilipokuwa nikiwahesabu wakubwa yeye alikuwa nyuma kwenye sufuria za pilau.

Kwa wageni msionijua, naitwa Nyanchera. Mimi ni fundi wa redio. Miaka kumi na moja nimekaa na meza yangu kwenye baraza ya duka la Mzee Ashok. Yeye ndani akiuza redio mpya, mimi nje nikifufua zile alizouza. Wengine husema tulikuwa tumepatana. Leo naapa mbele ya Mchungaji: hatukuwa tumepatana. Zilikuwa zinaharibika zenyewe.

Nimeambiwa niseme maneno machache ya kumuaga, na Bwana Nyasani amenionya nisimseme vibaya mtu anayeondoka. Sasa nitasema nini, mwenyekiti? Nimfanye malaika? Mlikuwa mnamjua nyote. Mnajua kwamba kila Desemba, katika mkutano wa mwisho wa chama chetu, mzee huyu alikuwa akisimama, akisafisha miwani yake kwa shati, na kututangazia ni vitu gani vya umeme na vya simu vitakavyonunuliwa mwaka ujao. Na sisi, watu wazima wenye akili, tulikuwa tukiandika.

Desemba ya tisini na moja alisema kila nyumba itataka redio ndogo ya betri. Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi wa vyama vingi, na nani hapa hakununua redio? Alipatia. Na hapo ndipo alipoharibika, kwa sababu hakuna kitu kibaya kwa mtabiri kama kupatia mara ya kwanza.

Desemba ya tisini na tatu akasema ni televisheni za rangi. Aliuza moja. Aliyeinunua anakaa ng'ambo ile ya mto, ambako stima haijafika mpaka leo. Niliitwa kwenda kuitengeneza, nikakuta kuku ameatamia nyuma yake. Nikamwambia mwenye mali kwamba televisheni ni nzima, ila kuku asisumbuliwe.

Desemba ya tisini na sita akasema peja. Mnazikumbuka? Zile za kuvaa kwenye mshipi, zikilia unajua kuna mtu anakutafuta. Mzee Ashok alileta katoni nzima, na mawimbi yake hayakuwahi kuvuka kufika huku kwetu. Lakini wanaume wa Keroka walizivaa! Mzee mmoja wa kanisa, nisimtaje kwa sababu ananitazama, alivaa yake miaka miwili bila kulia hata mara moja. Kisha Sabato moja ikalia, katikati ya ombi. Mzee akainuka kwa heshima, akatoka nje kwa hatua za mtu anayetakiwa na serikali. Ilikuwa betri inaisha.

Haya, mmecheka. Sasa niacheni niwaambie jambo la mwaka huu, maana wengi mlilisikia kwa vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa vya uongo.

Mwezi wa sita Mzee Ashok alirudi kutoka Nairobi na simu ya mkononi. Mpwa wake Dev, anayeuza vitu hivyo huko, ndiye aliyempa. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ilikaa mfukoni kama tofali. Akaiweka juu ya meza yangu, katikati ya waya na risasi ya kulehemu.

"Fundi," akaniambia, "hii ndiyo ya mwaka ujao."

Nikaitazama. "Inasema haina mawimbi."

"Hapa chini hakuna. Dev anasema mawimbi yanapenda mlima. Nitatafuta mlima."

"Dev amewahi kufika Keroka?"

"Bado."

"Basi amejuaje milima yetu inapendwa na nani?"

Akaichukua simu yake, akaingia ndani. Jumapili moja ya Julai, duka likiwa limefungwa, akaja mlangoni kwangu amevaa buti na koti la mvua. Alikuwa na miaka sitini na saba. Akasema anapanda kile kilima cha nyuma ya Masimba, na akaniomba nifuatane naye. Mimi nilikuwa na nguo za kufua. Pia nilikuwa na mdomo. Nikamwambia, "Nenda peke yako, Mzee, ukampigie Mungu. Ukimpata, mwambie redio ya Mchungaji bado iko kwangu." Majirani wakacheka. Yeye akaenda.

Nataka mjue kwamba nilimwona mpaka alipopinda kona, na sikumwita.

Akapanda. Kila baada ya hatua kumi anainua simu juu, anatazama, hakuna kitu. Akafika karibu na kilele, mahali penye majabali, na hapo, macho yakiwa kwenye kioo cha simu badala ya chini, akakanyaga jiwe bovu. Akaporomoka mpaka kwenye kichaka. Mguu ukavunjika chini ya goti. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa saba mvua ikaanza, na nyinyi mnaijua mvua ya huku kwetu, haina huruma na mtu mzima. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Alikuwa ameshika mkononi chombo cha kuongea na dunia nzima, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumsikia.

Kisha akakumbuka kitu. Ile simu ilikuwa na sehemu ya kuchagua mlio, na ukibonyeza inakulilia, hata bila mawimbi, ili usikie kama utaupenda. Akaanza kubonyeza. Inalia, inanyamaza. Anabonyeza tena. Aliniambia baadaye alipitia milio yote kumi na mbili, akarudi mwanzo, huku anatetemeka kwa baridi.

Chini kidogo ya kichaka kile kuna shamba la majani chai la Mama Ratemo, Orpah. Yeye ni Msabato, alikuwa amepumzika jana yake, kwa hiyo Jumapili ile alikuwa kazini, kikapu mgongoni, mvua au jua. Akasikia mlio. Alidhani ni ndege mgonjwa. Akaufuata, akatenganisha majani, na badala ya ndege akakuta Mhindi wa Keroka amelowa, midomo ya bluu, anabonyeza.

"Mzee, unafanya nini hapa?"

Na Mzee Ashok, kwa sauti iliyobaki, akasema: "Natafuta mawimbi."

Mama Ratemo hakubishana naye. Alivua koti lake akamfunika, akasimama juu ya jabali, akaweka mikono mdomoni, akaita ng'ambo ya bonde kwa wanawake waliokuwa wakichuma upande wa pili: Mhindi wa Keroka amevunjika mguu, leteni watu! Wale wakawaita wafyatua matofali wa chini. Wa matofali wakaita hadi Masimba. Haikuchukua hata dakika kumi.

Lakini habari ikipita midomo mingi mnajua inavyonenepa. Ilipofika Masimba kwenye steji, ilikuwa inasema kwamba Mhindi wa Keroka amekamata chui kwa simu. Watu thelathini walipanda kile kilima! Wengine na mapanga, mmoja na kamera. Nawauliza, nyinyi watu wa Masimba, mngeambiwa ni mguu tu, nani angeacha uji wake kwenye mvua ile? Lakini mlipofika na kukuta hakuna chui, hamkurudi. Hilo nawapa. Mlikata miti miwili ya mkalitusi, mkafunga magunia ya majani chai, mkambeba mkipokezana hadi barabarani. Dereva Momanyi alikuwa hapo na lori la ndizi. Akashusha ndizi zake zote kando ya barabara, akampeleka Kisii.

Mimi habari ilinifikia nikianika nguo kwenye baraza. "Nyanchera, Mhindi wako ameshika chui!" Nilicheka. Kisha nikakumbuka ni kilima gani, nikaziacha nguo hapo hapo, nikakimbilia barabarani.

Nilimkuta wodini, mguu kwenye plasta, miwani imepasuka. Akaniangalia.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuangalia simu," nikasema.

"Simu ni nzima."

"Na wewe?"

"Mimi sijui, fundi. Mimi sikuja na waranti."

Nikakaa chini, nikalia. Yeye ndiye aliyenipa leso.

Tulipokuwa hapo akaingia Mama Ratemo, simu ameifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa ameiokota kichakani. Akamrudishia, lakini hakuiachilia mara moja. Akauliza, "Mzee, hiki kitu kinaweza kumpata mwanangu?"

Ratemo anafanya kazi kiwandani Thika. Mnajua jinsi mama huyu anavyoongea na mwanawe? Anaandika barua: tarehe fulani, saa fulani, nitakuwa kwenye kibanda cha simu Keroka, nawe ukae karibu na simu ya duka la jirani yako. Anapanga foleni. Foleni ikichelewa, Ratemo ameshaitwa kazini. Wamepishana mara tatu. Ilikuwa imepita miaka miwili bila kusikia sauti yake.

Mzee Ashok akafumba macho. Nilidhani ni dawa za maumivu. Kisha akanigeukia akasema: "Fundi, miaka yote hii nilikuwa nauliza nani ana pesa. Sikuuliza nani ana mtu mbali."

Mwaka huu hakungoja Desemba: Novemba, mwezi uliopita, alikuja kwenye mkutano wetu kwa magongo. Hakusafisha miwani. Akasema kwa ufupi: mwaka ujao na unaofuata, simu ya mkononi itakuja huku, na wenye mshipi na suti watainunua kwanza ili waonekane, lakini watakaoibakiza sokoni ni wachuma majani chai, wauza ndizi, na wenye watoto mjini. Tayarisheni maduka yenu kwa ajili yao. Zungumzeni nao kwa heshima.

Mlimfanyia nini? Bwana Nyasani, nakuheshimu, wewe ni mwenyekiti wangu, lakini ni wewe uliyesimama ukasema, "Mchuma chai atampigia nani simu, kikapu?" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mtu mwingine akasema mzee aliangukia kichwa, si mguu. Naye akachukua magongo yake akatoka, na tuliyasikia yakigonga sakafu mpaka nje.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa safu ya tatu. Sikucheka. Lakini sikusimama pia. Nilikuwa wodini siku ile, nilimsikia Mama Ratemo kwa masikio yangu, nilijua yale maneno yametoka wapi, nikakaa kimya kwa sababu niliogopa kuchekwa pamoja naye. Mwanamke anayewacheka watu wote kutwa kucha, kumbe anaogopa kuchekwa mara moja.

Mzee Ashok, ile Jumapili nilipaswa kupanda nawe. Novemba nilipaswa kusimama. Nimengoja siku yenye watu wengi kuliko zote ili nikuombe msamaha mbele yao, kwa sababu niliyokukosea niliyakosa mbele yao. Nisamehe.

Ametikisa kichwa kukubali. Nyinyi wa nyuma hamkuona, mimi nimeona, inanitosha.

Madaktari wanasema mguu hautarudi ulivyokuwa, na Bi. Chandni anampeleka Nairobi, nyumbani kwake ambako ngazi ni chache. Wengi mmeniuliza duka litakuwa la nani. Wengine mmeuliza mkiwa mmeshapima mlango kwa hatua. Basi sikieni. Mzee amenikodisha mimi, na mimi nimemtafuta mshirika. Nilipomwuliza kama anajua lolote kuhusu simu, alinijibu, "Najua kuingojea." Nikaona hakuna mtu Keroka nzima anayeijua biashara hii kuliko huyo.

Wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote za dunia zitachanganyikiwa. Zichanganyikiwe. Sisi tutafungua Jumatatu, tarehe tatu Januari, tukiuza betri na redio, na tutaendelea kuuza betri na redio hata kama mawimbi yatachelewa mwaka, hata miwili. Nimeacha baraza, naingia ndani. Nikikosea, nitakosea kama Mzee Ashok alivyokosea, hadharani na kwa moyo wote.

Mama Ratemo, uko nyuma ya madereva hao, nimekuona. Simama wateja wako wakufahamu. Weka chini hiyo sahani kwanza.

Mheshimiwa, Bwana Mwenyekiti, Bi. Chandni, ndugu zangu wa Kisii na wa Nyamira: mbuya mono, asanteni kwa masikio yenu, na kwa wale niliowagusa, asanteni kwa kubaki vitini.