Mama Shuka na Zamu Iliyobaki Mezani

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya dada yake, si kwa sababu amesoma sana, maana shule aliipitia kama mtu anayepita sokoni hana hela, ila kwa sababu ndiye mwenye sauti inayofika barabarani bila kipaza sauti, na marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba huyu akikohoa jikoni, mabati ya jirani yanahama.

Marehemu, ambaye karibu wote hapa mnamjua kwa jina la Mama Shuka, alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, katika chumba cha pili cha nyumba ya wazazi wake, kile chenye dirisha linalofungwa kwa waya mpaka leo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na mkunga aliyempokea alisimulia kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi zote mbili kama mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia, na alipolia, kuku wa mtaa mzima waliacha kutaga mwezi mzima, jambo ambalo mama yetu alilipinga mpaka anaingia kaburini, akisema tusitie chumvi, ilikuwa wiki mbili tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 na kumaliza darasa la saba mwaka 1978, hesabu hazikumpenda na yeye hakuzilazimisha, lakini kwa usafi hakuna aliyemsogelea, sketi yake ya shule ilikuwa na mikunjo mikali kiasi kwamba mwalimu akikosa rula alimwita mbele ya darasa akapigia mistari, na mdogo wake aliyekuwa akitembea nyuma yake njiani alijifunza kukaa mbali, asije akakatwa.

Tarehe 2 Machi 1983 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali, katika kile chumba cha kufulia kilicho nyuma ya jiko, chenye mashine tatu, mbili zikifanya kazi na ya tatu ikiwatazama wenzake, na hapo alikaa miaka arobaini, na mashuka aliyoyakunja yakiunganishwa yanaifunika dunia yote, na yanabaki ya kuushonea mwezi foronya. Kwa wasiojua kazi ile, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, linataka wawili, kila mmoja anashika ncha zake mbili, wanalivuta, wanalikung'uta, halafu wanatembea kukutana, ncha kwa ncha, mmoja anachukua, mwenzake anarudi kushika mkunjo, wanakutana tena, na kila mkunjo wanakaribiana zaidi, na marehemu alikuwa akiita "Ncha kwa ncha!" kwa sauti ya mkuu wa jeshi, mpaka wagonjwa wa wodi ya juu walikuwa wanajua saa kwa hiyo sauti.

Kuhusu ndoa, ilianzia papo hapo kwenye mashuka. Siku moja ya Alhamisi, mwaka 1985, fundi viatu mmoja alipeleka hospitalini viatu vya mpira vya wafuaji alivyokuwa ametia viraka, kijana mkimya, mkimya kweli kweli, ndiyo maana mpaka leo tunamwita Gundi, kwa kuwa mdomo wake ni kama alijipaka mwenyewe ile gundi ya soli, na siku hiyo mama aliyekuwa akikunja na marehemu hakuwa amekuja kazini, aliumwa jino, basi marehemu akamwona yule kijana amesimama mlangoni na furushi lake akamwambia, "Wewe wa viatu, umesimama kama nguzo, shika huku," naye akashika, marehemu akavuta kidogo tu, kwa kipimo chake, kijana akaruka akaangukia kwenye kapu la mashuka machafu. Hakutoka mbio. Aliinuka, akashika tena ncha zake, akakunja mpaka kapu likaisha, na yeye mwenyewe alisema baadaye, katika sentensi yake ndefu kuliko zote alizowahi kuitoa, kwamba kwenye shuka la kwanza alikuwa mgeni, na kwenye la kumi alikuwa amekwisha kuoa, bado kumwambia mwanamke tu. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 6 Desemba 1986, na tangu hapo kila Jumamosi mchana, pale uani kwao, walikunja pamoja mashuka ya nyumbani na vitambaa vya meza za kanisa, yeye anaita, mume anashika.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza ni huyu dereva wa lori aliyekaa hapa mbele, aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1988, na kitinda mimba ni binti aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1999, ambaye baba yake mwenyewe alimpa jina la Redio, kwa sababu alisema yote ambayo baba yake hakusema, na ya jirani, na mengine ya kubuni.

Nyumba ya Mama Shuka ilikuwa na sheria moja ya Krismasi, na aliyeila Krismasi pale anaijua vizuri, kwamba chakula kinakaa mezani kimefunikwa, na hakifunuliwi mpaka kila mtu amemshukuru Mungu kwa jambo moja la mwaka ule, na jambo lenyewe liwe la kwako, usitaje uzima wala pumzi, maana hizo alisema ni za watu wote, hata mbuzi anazo, na usirudie alilotaja mwenzako, kwa hiyo aliyekaa mwisho alikuwa na kazi. Krismasi ya mwaka jana, yaani 2022, Redio alishukuru kwa mkanda wa baba yake uliokatika siku ya mavuno kanisani, wakati Gundi amebeba kapu la sadaka kwa mikono yote miwili na hana wa kushikia suruali, na watu walicheka pale mezani mpaka mchuzi ukapoa, na Gundi naye alipofikiwa akashukuru kwamba kapu lilikuwa kubwa.

Tarehe 17 Februari mwaka huu Redio alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, katika hospitali ile ile, akiwa na miaka ishirini na tatu, aliugua Jumanne na Ijumaa akawa hayupo, na wengi wenu mlikuja, tunakumbuka.

Wiki iliyofuata marehemu alirudi kazini. Mashine zilikuwa zimeharibika, hata ile mvivu, mafurushi ya wodini yalikuwa yamerundikana mpaka mlangoni, na katika kuyafungua mwenzake akaliona shuka moja lenye kiraka cha uzi wa kijani pembeni, kiraka alichokishona marehemu kwa mkono wake, na wote mle ndani walijua ni la kitanda gani, wakataka kulificha chini ya mengine, marehemu akasema, "Lete. Shuka ni shuka." Akalifua, akalikamua, akalianika, jioni akalikunja, akaendelea na lingine. Hakulia. Mtu aliyelia siku ile ni mwenzake.

Na mwaka wote ulikwenda hivyo, familia ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na unakwenda, lakini ardhi huisikii, tukija tunakaa, chai inaletwa, tunakunywa, tunaaga. Marehemu aliendelea na kanisa na kwaya, na alisema wazi kwamba anaimba maneno tu, utamu utakuja ukitaka. Lakini Gundi aliacha, aliacha ibada, aliacha kuombea chakula, na siku mdogo wake marehemu alipomwambia, "Shemeji, hata shukrani kidogo ya kula," alijibu, "Ya nini?" na akaendelea kutafuna. Jumamosi hakutoka tena uani, alikaa kwenye karakana yake na kiatu kimoja mkononi, kiatu kile kile mwezi mzima, mwenye kiatu alikuja mara nne kukidai, basi marehemu akawa anafunga ncha mbili za shuka kwenye komeo la mlango, anashika mbili nyingine, anavuta, anatembea kuufuata mlango, na akimwona mdogo wake anamtazama anasema, "Unashangaa nini, mlango nao unakunja, tena haukoromi." Ila hakuita ncha kwa ncha. Mlango hakuuitia.

Mwezi Septemba alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, madaktari wakasema ni moyo umepanuka, na mdogo wake aliwaambia kwamba huo moyo ulikuwa mpana tangu utotoni, waulize waliokula kwake, lakini daktari hakucheka, ndipo tulipojua. Alilazwa tarehe 6 Novemba, akaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 8 Desemba, na alipofika tu akatangaza kwamba Krismasi ya mwaka huu inasogezwa mbele. Dereva akasema, "Mama, Krismasi haisogezwi, ina tarehe yake tangu enzi za mababu," akamjibu, "Na mimi nina yangu. Tutaila Jumamosi ya wiki ijayo."

Kwa hiyo tarehe 16 Desemba tulikaa mezani, kuku wamefunikwa kwa vile vitambaa vyake, kiti cha Redio kikiwa mahali pake, na zamu zikaanza. Dereva alishukuru kwa breki za lori zilizoshika kwenye mteremko mwezi wa nane. Mdogo wake marehemu alishukuru kwa kuku aliyekuwa anamwona umbo lake chini ya kitambaa, akaambiwa huyo bado si wake, ataje kingine, akataja meno. Halafu marehemu, pumzi zinakatika, alisema, "Namshukuru Mungu kwamba shuka la mwisho la mwanangu nililifua mimi. Halikufuliwa na mtu asiyemjua." Ikabaki zamu ya Gundi. Alitazama meza. Tulisubiri, kuku wakapoa, mafuta yakaganda pembeni mwa sahani, na mkewe hakumsukuma, alimtazama tu kama anavyotazama nguo ambayo bado ina unyevu, mwishoni akasema, "Funueni, watu wale. Fundi, zamu yako ipo, haijafutwa. Nitaisubiri."

Alifariki Ijumaa tarehe 22 Desemba, alfajiri, nyumbani kwake, mume wake akiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Zamu hakuisikia.

Jana ilikuwa Krismasi, na sisi hatukuila, kwa kuwa tulikwisha kuila. Kengele zililia, tukazisikia kama zinalia mtaa mwingine. Mchana, baada ya wageni waliolala kuondoka, mdogo wake marehemu alitoa uani mashuka yaliyofuliwa akaanza kuyakunja peke yake, maana mikono ilikuwa haina kazi, na kwa vile hana akili ya kufunga kwenye komeo, shuka lilimzunguka likamfunga mwenyewe, akawa amesimama pale kama mzigo unaosubiri lori. Mlango wa karakana ukafunguka. Gundi akaja na aproni yake ya ngozi, akamfungua, akarudi nyuma hatua zake, akashika ncha mbili, akavuta. Akasema, "Ncha kwa ncha." Kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayelijaribu neno kama linamtosha. Wakakunja shuka lile, na lingine, na walipofika kwenye lenye uzi wa kijani, ambalo marehemu alilinunua hospitalini lilipotolewa kwenye matumizi, walikunja vilevile, wakaliweka juu ya mengine. Ndipo akasema, "Shemeji, unasoma kesho?" Akajibiwa ndiyo. "Madaktari na majirani shukuru wewe. Mimi nina moja. Iandike kama ninavyosema, usiongeze." Na wote mnamjua msomaji wenu, kutoongeza ni mtihani mkubwa, lakini ametii.

Basi familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomtunza mwenzao wa kazi kama mama yao, inawashukuru wafanyakazi wa chumba cha kufulia, waliofua bure mashuka yote ya msiba huu, inawashukuru majirani waliolala sakafuni kwetu na waliotulisha, inawashukuru wanakwaya, na Mchungaji aliyekuja kila wiki mwaka mzima akakaa karakanani bila kuambiwa karibu wala kwaheri.

Na hii ni ya Fundi, mume wa marehemu, yule pale, na maneno ni yake:

"Namshukuru Mungu kwa jino la yule mama aliyekuwa akikunja na mke wangu. Liliuma siku ile, hakuja kazini. Lisingeuma, ningeacha viatu mlangoni nikaenda zangu. Basi."

Mama mwenyewe yupo hapa, safu ya tatu, ana kitambaa cheusi, tafadhali asijifiche, jino lake halikurudiwa na mtu yeyote mezani, kwa hiyo kwa sheria ya nyumba ile limekubalika.

Dada, hakuna zamu iliyobaki, wote tumesema. Pumzika sasa, kwa amani.