Judith Chaigneau, Aliyekataa Kusema Ndiyo

Ndugu zangu katika msiba huu, sogeeni karibu, maana ukuta wa bustani hii ni mfupi na barabara haiko mbali, nami kwa niaba ya familia nitawasomea kwa sauti ya chini maisha ya dada yangu, kazi ambayo angeifanya mchungaji lau tungekuwa bado na mchungaji.

Marehemu Judith Chaigneau alizaliwa tarehe 14 Machi 1648 hapa hapa Saint-Aubrin, katika nchi ya Poitou, mtoto wa kwanza wa mzee Abel Chaigneau, mchambuaji wa sufu, na mama Rachel, akabatizwa katika kanisa letu la Waprotestanti, na mimi, Élie, nikamfuata miaka mitatu baadaye. Alianza masomo mwaka 1655 kwa mwalimu wa kanisa, na ingawa wasichana walifundishwa kusoma tu, yeye aling'ang'ania kujifunza na kuandika, hata mwalimu akamwambia baba kwamba mtoto huyu ukimfungia mlango ataingilia dirishani. Aliacha shule mwaka 1660 mama yetu alipofariki, akashika gurudumu la kusokotea nyuzi, na ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipomkatalia.

Tarehe 9 Mei 1672 alifunga ndoa na Isaac Thibaudeau, mfumaji wa nguo za sufu, mtu mpole aliyeogopa hata mbwa wa jirani, na Judith alizoea kumtania mbele za watu kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyeoa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wawili wakafa wachanga, akabaki Marthe, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1676.

Kanisa letu lilibomolewa kwa amri ya mfalme mwezi Juni 1684, na mwaka uliofuata, mwezi Agosti, askari wa farasi wakapangwa kukaa katika nyumba zetu mpaka tuikane imani. Kwa Judith waliletwa wanne, wakawafunga farasi wao jikoni, wakakipasua kitanda cha kufumia cha Isaac kuwa kuni, na kwa kuwa walisikia yeye ndiye mwenye kichwa kigumu, wakapeana zamu ya kumpigia ngoma kitandani ili asipate usingizi, usiku na mchana, mpaka akaanza kuzungumza na mama yetu aliyekwisha kufa. Isaac hakuweza kuvumilia, akaenda kwa padri, akatia sahihi kwa niaba ya nyumba nzima, na jioni ile askari wakahama, naye akaketi kando ya mkewe akamwambia, "Nimesema, mama Marthe. Wamekwenda. Sasa ulale." Judith hakumlaumu hata siku moja, na naamini kutolaumiwa huko ndiko kulikommaliza mwanamume yule.

Tangu siku hiyo dada yangu alihesabiwa Mkatoliki mbele ya sheria, bila kufungua kinywa. Kwa kuwa hakuonekana misani, mwezi Februari 1686 Marthe alichukuliwa akapelekwa kwa watawa huko Poitiers, na kila Pasaka mama yake alikwenda kwa miguu kubisha mlango wao, akajibiwa kwamba mtoto bado hajawa tayari. Isaac alifariki tarehe 11 Novemba 1690, padri akiwa kando yake, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki, na mkewe akasimama nje ya lango mpaka walipomaliza kufukia.

Njaa ilipotukuta, Judith alikula mkate wa mizizi kama sisi sote, na kuelekea Krismasi ya mwaka jana akashikwa na homa ya kifua. Tarehe 26 Januari 1694 padri alikuja pamoja na Marthe, sasa binti wa miaka kumi na saba, amevaa nguo za kitawa, nami nilikuwepo chumbani.

Marthe alipiga magoti, akasema, "Mama, sema ndiyo tu. Padri atakupaka mafuta, basi, imekwisha."

"Umenenepa, mwanangu," Judith akasema. "Namshukuru Mungu, wanakulisha."

"Mama, usipokubali hatutaonana tena. Milele. Unanielewa?"

"Nimelielewa hilo tangu siku walipokuchukua. Na mimi nakulilia vivyo hivyo, maana kwangu mimi, wewe ndiye uliyepotea."

Wakakumbatiana wakalia, kila mmoja akiililia roho ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa akiigiza. Padri akamuuliza Judith kwa mara ya mwisho, Judith akakataa, naye akaenda kwa hakimu.

Dada yangu aliaga dunia alfajiri ya tarehe 29 Januari. Kwa kosa la kuirudia imani ambayo hakuwahi kuiacha, iliamriwa mwili wake uburutwe kifudifudi mjini kote na kutupwa jalalani nyuma ya machinjio, na nyumba yake iwe mali ya mfalme. Walipoupitisha, sisi tulifunga madirisha. Aliyeufuata ni Marthe peke yake, miguu mitupu katika tope la barafu, rozari mkononi, akisali kwa sauti sala zile ambazo mama yake hakuzipenda.

Familia inamshukuru tabibu aliyekuja katika theluji na kunyamaza, ingawa sheria ilimtaka amwarifu padri, inawashukuru wafumaji wenzake Isaac waliotoa sanda katika mwaka ambao hakuna mwenye nguo ya kutoa, na inamshukuru jirani mmoja Mkatoliki, ambaye simtaji, aliyemtoa jalalani akamleta hapa chini ya ngozi katika mkokoteni wake.

Namshukuru na Marthe, hata kama wapo kati yenu wasiopenda kusikia. Kabla hajarudishwa Poitiers alinijia akaniambia kwamba amekatazwa kumwombea mama yake, kwa sababu huko aliko sala hazifiki, akaniuliza, "Mjomba, sasa nani atamwombea?" Swali hilo nimekuja nalo mpaka hapa kaburini, ndugu zangu, kwa maana sisi nasi hatuwaombei wafu.

Naomba tusiimbe. Pumzika, dada yangu, kwa amani ambayo sisi tuliobaki hatuna.