Sauti ya Mwimbaji

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, muuguzi kijana alikuwa akimsikilizisha jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani, albamu mpya ya bendi ya vijana wa roki kwenye simu. "Magitaa yanaelea kama ndotoni, mama. Na huyu mwimbaji!"

"Huyo ni mwanangu," fundi akasema. "Tulimzika kabla albamu haijatoka. Niliwasihi wenzake waifute sauti yake, wakakataa."

Mimi nikajifanya nasoma gazeti.

"Pole sana, mama. Lakini wangeifuta, ungemsikia wapi tena?"

"Mimi nimeshamzika, binti. Wao wanamfufua kila siku aimbe."

Basi likasimama kituoni kwa fundi. Akainuka ashuke, kisha akainama, sikio likagusa simu ya muuguzi. "Wa kushuka ashuke!" kondakta akapaza sauti. Hakushuka mtu.