Ssalongo Kaggulire na Waya Mwekundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na diski zisizohesabika, Ssalongo Asaph Kaggulire, baba wa mapacha na fundi mkuu wa sauti wa Studio ya Kinyonyi hapa Masaka, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2022. Wahariri wa jarida letu wamenipa ukurasa mmoja, wakaniomba nisilie na nisitanie kupita kiasi. La kwanza nitajaribu.

Aliajiriwa Februari 1991 kunakili kanda za kwaya. Kanda zilipokufa akahamia kwenye diski, na watu walipoanza kuja na video zao ndani ya simu na kadi, akawa ndiye wa kuzigeuza ziwe diski za kuchezwa sebuleni. Hapo ndipo jina lake lilipovuma kutoka Nyendo hadi Kyotera. Wengine waligeuza picha, sauti ikatoka kama mtu anayeongea kichwa kikiwa ndani ya sufuria. Kaggulire alirudi kwenye faili ya kwanza kabisa, akaacha kompyuta ichome diski polepole, na ole wake aliyemharakisha. “Picha mbaya watu husamehe,” alikuwa akituambia. “Sauti mbaya husamehewa na kiziwi tu.”

Mteja akiingia na diski inayokwaruza, hakumuuliza jina. Alimuuliza, “Mgonjwa anavuma, anakoroma, au amenyamaza kabisa?” Diski zilizoharibika alizitundika kwenye shamba lake la maharage kufukuza ndege, na mkewe, Nnalongo, anasema mavuno ya mwaka yalitegemea uzembe wetu.

Novemba ilikuwa na vita vyake. Sisi wengine tulishinda tukitafuna nsenene, wale panzi wa msimu, wa kukaanga, naye ni mtu wa ukoo wa Nsenene, kwa hiyo ni mwiko kwake kuwagusa. Tulidhani anatufukuza chumbani kwake kwa heshima ya ukoo. Siku moja akatoboa siri. “Ukoo umewasamehe zamani. Ni huo mlio wa kutafuna! Nasafisha hotuba ya askofu, nasikia kru, kru, kru. Tokeni nje!”

Sasa niseme la kwangu, maana ndilo lililonileta hapa. Mwaka 2010 mimi, Proscovia, nilikuwa mteja, tena mteja mwenye hasira.

Kwanjula yangu, sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi, ilifanyika nyumbani kwa baba, Bukulula. Mwenzangu Ssenkaayi alikuja na watu wake kujitambulisha, wanaume kwa kanzu, wanawake kwa gomesi, na mpiga picha wakaja naye. Msemaji wetu alikuwa Mwalimu Katumwa, bingwa wa vitendawili, na siku hiyo aliwakamua wageni mpaka jasho likawatoka. Baba, kama mila inavyotaka, alikaa kimya, uso umekauka kama gogo. Kaka yangu Luyima akakabidhiwa jogoo wake wa ushemeji. Alitakiwa amchinje amle, ndipo mambo yawe yamefungwa, lakini Luyima ni mlafi mwenye mipango. Akasema amnenepeshe kwanza.

Diski iliyochomwa Kinyonyi ilipofika kijijini, zikiwa zimebaki siku tisa harusi ifungwe kanisani, baba aliita majirani sebuleni. Wageni wakasikika vizuri sana. Wakasalimia, wakajisifu, wakacheka, wakasema wameshinda. Mwalimu Katumwa yeye alifungua mdomo, akafumba, akafungua tena, kama samaki. Hakuna neno. Saa mbili nzima ukoo wetu ulikuwa bubu nyumbani kwake mwenyewe.

Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Baba hakucheka. “Mpiga picha ni wao, diski ni yao, na sauti yetu wameiua,” alisema. “Hao ndio wakwe? Luyima! Huyo jogoo hachinjwi mpaka nisikie watu wangu wakiongea. Nisiposikia, arudi alikotoka, na waliomleta wamfuate.”

Nilimsihi. Akanijibu, “Mwanangu, wewe si wa kwanza kukosa mume.” Nililala na neno hilo, na kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni pa studio nikibamiza diski mezani. Nilimwambia Kaggulire maneno ambayo kwa sasa ningependa ayasahau. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaiweka diski kwenye mashine, na sote tukamsikia Katumwa, kwa mbali na jenereta ikivuma, lakini kila neno lake.

Mwingine angeniambia nirudi zangu. Yeye alichukua kofia, tukaenda wote Bukulula. Pale sebuleni hakugusa diski kwanza. Aliinama nyuma ya televisheni. Kulikuwa na waya wa njano wa picha, umechomekwa. Waya mweupe wa sauti, umechomekwa. Waya mwekundu ulikuwa unaning'inia, kwa sababu televisheni ya baba ilikuwa na tundu moja tu la sauti. Na kamera ya siku ile ilikuwa imeweka kipaza sauti cha wageni upande wa mweupe, cha wenyeji upande wa mwekundu. Ukoo wetu wote ulikuwa kwenye waya ule, unabembea hewani.

Baba alianza kununa, akidhani atasutwa kwa umaskini wa televisheni yake. “Hapana, ssebo, kosa ni langu,” Kaggulire akamwambia. “Nilisikiliza kwa spika mbili nikadhani kila nyumba ina mbili. Nipe siku tano.” Kosa moja haliachi mke, wanasema wazee, lakini hapa lilikuwa karibu kumkosesha mtu mume.

Kuchanganya pande mbili ziwe moja ilikuwa kazi ndogo. Shida ni kwamba kipaza sauti chetu kilikuwa hafifu na kimekaa karibu na jenereta. Akikipandisha, Katumwa anapanda na jenereta inapanda naye. Siku nne alikata mvumo kidogo kidogo bila kumkata Mwalimu koo. Siku ya tano akaniita, akanivisha hedifoni.

Katumwa alikuwa ametua kipaza sauti mezani anywe maji, meza ile iliyokuwa mbele ya baba. Chini ya mvumo wa jenereta nikasikia mnong'ono. “Mwalimu, punguza vitendawili. Huyo kijana akiudhika akaondoka, Proscovia nitamwambia nini? Mpeni.”

Nilirudia mara tatu. Baba, yule gogo! Kaggulire akasema, “Hii wakwe wakiisikia, watamcheka mpaka wajukuu. Lakini ni baba yako. Sema wewe.” Nikasema aikate. Akaikata, palepale, na hajamsimulia mtu, hata Nnalongo.

Jumatano diski mpya ikachezwa kwa tundu lile moja. Katumwa akanguruma, majirani wakapiga vigelegele, baba akaangalia mpaka mwisho, akageuka. “Luyima, kisu kiko wapi?” Jumamosi nikaolewa. Asubuhi ile Kaggulire alinipa bahasha yenye diski isiyoandikwa kitu. Ndani mna sekunde tisa tu.

Wiki iliyofuata alinunua televisheni kuukuu yenye tundu moja, na toka hapo hakuna diski iliyotoka Kinyonyi bila kupita mbele yake. Nami nilirudi kumshukuru, nikakuta mapokezi hapana mtu na simu inaita. Nikaipokea. Naipokea mpaka leo.

Baba yu hai, ana nguvu, na bado anaapa mbele ya watu kwamba yeye alisukumiziwa tu mkwe yule. Hasomi jarida hili. Ssenkaayi humwitikia kwa adabu, mimi huenda jikoni nikacheka, na siku tukigombana na baba kweli kweli, natoa ile diski.

Ssalongo, wafanyakazi wote tunakushukuru, na tunakuombea afya, usingizi mzito na nyumba yenye kelele za wajukuu. Mimi nina moja zaidi. Siku ile ya bahasha uliniambia ungeweza kuondoa mvumo wa jenereta, ila kidogo cha sauti ya baba kingeondoka nao. Asante kwa sauti zote ulizosafisha, na kwa ile moja uliyoniachia na uchafu wake.

Proscovia Nansikombi
Mapokezi