Mkwe Wangu Aliyenisalimia Ndani ya Moshi

Citoyen Mkuu wa kikosi cha zimamoto, Citoyens wakubwa wa kampuni, tata pasta na tata shehe, ninyi pompiers, wazimamoto wote mliopiga kofia zenu msasa mpaka zinatuumiza macho, mama zetu wa Kapata na wa Musonoi, wageni mlioalikwa na ninyi mliosikia muziki mkaingia tu: nawasalimu nyote kwa heshima. Nawe mkwe wangu Badibanga, ambaye sherehe hii ni yako na umegeuza kiti ili tusionane uso, nausalimu mgongo wako.

Msicheke. Kwetu Kasai mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani machoni, hawali sahani moja, na wakigusana ukoo unaitwa kikaoni. Aliyepaswa kusimama hapa ni binti yangu Bilonda, mke wake. Tulimzika msimu wa mvua uliopita. Citoyen Mkuu alipoomba mtu wa nyumbani aseme neno, watu walianza kuangalia viatu vyao, basi nikanyoosha mkono mimi. Shule yangu ni ya masista, na niliiacha mapema; mtanivumilia.

Sitawaficha kilichonileta. Mkwe wangu anastaafu leo, na mwisho wa mwezi nyumba ya kampuni pale Kapata inarudi kwa kampuni. Nimesikia ameulizia gari-moshi la kwenda Kasai, yeye na watoto watatu wa Bilonda. Wajukuu wengine sina. Na hiyo Kasai anayoiendea haijui! Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mtaa wa Musonoi. Huko atapotea sokoni siku ya kwanza.

Lakini kwanza nimsifu, maana sherehe ni ya sifa. Je, mnajua pompier anavyotembea ndani ya moshi? Mimi nilidhani anaingia kama kwenye défilé, gwaride la sikukuu, kifua mbele, koti la abacost limenyooka. Sivyo. Anaingia kama mtoto anayeiba sukari, kwa magoti. Moshi na joto hupanda juu, na hewa kidogo iliyobaki hulala sakafuni, kwa hiyo mtu mzima mwenye masharubu anatambaa. Mlango anaugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, asije akaufungulia moto usoni. Mbele yake anapapasa kabla ya kuweka uzito, na mkono wa kulia haubanduki ukutani, maana atakayeufuata ukuta atarudi mlangoni. Wanaingia wawili, wa nyuma amemshika wa mbele mkanda, wanasemezana bila kupumzika, na nyuma yao bomba la maji, ile tuyo, inawangojea kama kamba ya kurudi nyumbani.

Bilonda alinichekesha sana juu ya mambo haya. Alisema mume wake, hata mchana, hata taa ikiwaka, hupita koridoni kwake na mkono wa kulia ukutani. Ukuta ule ulikuwa na mstari mweusi wa kiganja, na kila Pasaka binti yangu aliupaka chokaa akiimba. Baada ya Pasaka, mstari ulirudi.

Sasa, mwaka mmoja wa mvua nyingi mjukuu alilowesha godoro la mousse, la sponji, nyumbani kwangu. Nje mvua, jua hakuna, godoro likaegemezwa karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mbona mnatazamana? Nani hapa Kolwezi hajakausha godoro hivyo? Mtoto akaenda kucheza kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeshiba bukari, ugali wetu, nikalala. Nilipoamka, mchana kweupe, chumba kilikuwa cheusi kwa moshi kama ndani ya chungu. Nikajisukuma chini ya kitanda, mguu mmoja ukabaki nje.

Wakaja wawili, mkwe wangu mbele, na nyuma yake tata Masudi, yule pale anayeficha mdomo kwa kofia. Tochi yao ilifika mguuni kwangu, nikawasikia.

"Masudi, nimepata kitu."

"Kitu gani?"

"Muguu."

"Ya meza?"

"Ya mutu. Iko na soksi ya kijani. Masudi, ni mama-mukwe."

"Basi uvute!"

"Siwezi kumugusa. Pita weye mbele."

"Nitapita wapi? Chumba ni kama tumbo ya nyoka! Vuta, tata, moshi haijue haya ya bukwe!"

Na hapo, ndugu zangu, mkwe wangu alikumbuka malezi yake. Alipiga magoti vizuri, akanipa heshima kwa kupiga makofi mawili, akasema salamu ya kwetu Kasai, "Moyo wenu, mama."

Ningefanya nini? Na mimi nililelewa. Nikakohoa, nikajibu, "Moyo, mwana wetu."

"Habari ya nyumba, mama?"

"Nyumba inaungua, mwana wetu."

Masudi akapiga kelele: "Mutamalizia salamu inje! Na weye, mukono yako iko ku ukuta?"

Haikuwa. Nani anaweza kupiga makofi kwa mkono mmoja? Kwa kunisalimu aliuacha ukuta, na kwa kuuacha hakujua tena mlango uko upande gani. Nikamsikia mkwe wangu akipapasa hewa huku na huku.

"Masudi, tumepotea."

"Weye umepotea. Mi nimekalia tuyo."

Badibanga akavuta blanketi kitandani, akanizungushia mguu na kiuno bila kidole chake kunigusa, akanikokota kama gunia la mihogo, huku Masudi akiifuata tuyo kinyumenyume mpaka uani. Nilipopata pumzi, mkwe wangu alikuwa ameshageuza uso.

Wazee walikaa siku nzima: blanketi ni kugusa au si kugusa? Mmoja akasema likiwa zito si kugusa. Mwingine akaomba alipime. Mwishowe waliamua mbuzi achinjwe tu, kwa usalama, na kwa sababu walikuwa na njaa.

Sasa, mkwe wangu, sikiliza. Tangu Bilonda afariki, kila Jumapili unaleta watoto, unasimama kwenye kona mpaka waingie ndani, ndipo unaondoka. Nakuona dirishani. Mtu wa namna hiyo simwachii gari-moshi. Fundi Amadi amenitobolea ukuta. Vyumba viwili vya nyuma nyumbani kwangu sasa ni vyako na watoto, vina mlango wake, unaotazama barabara nyingine, na mbabula yake. Wewe utatokea kwako, mimi nitatokea kwangu, na watoto watapita katikati wakichafua pande zote mbili. Haya yetu ya ukwe itabaki nzima.

Kama hutaki, sema hapana, hapa, mbele ya wakubwa hawa. Najua mkwe mwenye adabu hampingi mama mkwe wake mbele ya watu. Ndiyo sababu nimechagua leo.

Nangoja.

Tata Masudi, wewe uko karibu naye. Amesema kitu? Hajasema? Analia? Kulia si kusema hapana. Basi Jumamosi ulete camion, ubebe vitanda.

Citoyen Mkuu, ninyi wakubwa, mama na tata, asanteni kwa kumsikiliza bibi ya watoto, na asanteni kwa kuwa mashahidi.