Babu wa Roki

Fundi bomba alikaa kwenye basi amepakata gitaa, roho juu. Alijifunza kulipiga akiwa tayari ana wajukuu, na jana, mara yake ya kwanza kupiga roki ukumbini, sauti ilimkauka katikati ya wimbo, akatorokea mlango wa nyuma.

Nyuma yake walikaa wanawake wawili wasiojuana, wakizungumzia onyesho la jana. "Yule babu kanipasua masikio," alisema mmoja. "Umri ule si atulie nyumbani?"

"Atulie kwani ana nini, dada? Alipokwama, si ukumbi mzima tulidaka kiitikio? Tukamtafuta tumpigie makofi, hayupo!"

"Hata mimi niliimba. Lakini kelele ni kelele!"

Fundi alishusha pumzi ndefu, akacheka peke yake. Basi lilisimama kituoni kwake wakiwa bado wanabishana. Hakuinuka.