Hongo ya Kashata

Kijiwe cha mtaa wa Kanyenye, huku Unyamwezini, ni benchi moja la mninga mbele ya kibanda cha Nasri, muuza kahawa. Benchi hilo alilichonga Mabruki, fundi seremala Mnyamwezi, kabla saratani ya damu haijampeleka Dar es Salaam. Sasa amerudi, kichwa hakina unywele, na daktari bingwa wa damu amemwambia ugonjwa hauonekani tena, ila asikose kliniki. Angefurahi, kama si huruma za kijiwe. Anawekewa mto wa kukalia. Kwenye bao wanamwachia ashinde. Kibaya zaidi ni Renatus, Mgogo mfanyakazi wa reli ambaye kijiwe kilimbatiza jina la Hongo. Miaka yote Mabruki hakuwahi kula kashata nzima: Renatus aliimega nusu, akidai hongo, ule ushuru wa njia ambao babu zake waliwatoza wachukuzi wa Kinyamwezi walipokatiza Ugogo kwenda pwani. Ndio utani wao. Asubuhi hii kashata ilikaa kiganjani mwa Mabruki, nzima, na hakuna mkono ulionyooshwa.

— Hongo, mzigo unapita huu, Mabruki alisema. Njia yako haina mlinzi leo?

— Kula, ndugu yangu. Upate nguvu.

Ndugu yangu! Mabruki aliona heri angetukanwa.

— Umeokoka, au unanihurumia?

— Nikuhurumie kwa lipi? Walipotaka watu wa kukutolea damu, si nilipanda treni nikaja? Ikapimwa, ikakubali, ukawekewa. Sasa damu yangu mwenyewe nitaitozaje hongo?

Lugembe, mrina asali wa Usinge anayeitwa Profesa, alipangusa kipara chake cha siku zote.

— Ni sayansi hiyo. Mzinga ukipata malkia mgeni, baada ya muda nyuki wote ni ukoo wake. Mabruki ni Mgogo tayari. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? Mabruki aliuliza.

— Imeingia kwa sindano!

— Mgogo nusu tu, Nasri akadakia, birika mkononi. Sindano iliingia mkononi, kwa hiyo Ugogo ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu bado ya Kinyamwezi. Mgeni njoo, mwenyeji ahamie chini.

— Basi akifa tutamzika wapi? Profesa aliuliza. Kiwiliwili Manyoni kwa Wagogo, miguu hapa Kanyenye?

Neno kufa halikuwahi kutajwa tangu Mabruki arudi. Nasri alimkodolea Profesa macho. Ndipo Mabruki alipocheka, akacheka mpaka machozi, na pumzi ilipomrudia alimgeukia Renatus.

— Hongo, damu ulitoa lini?

— Mvua za kwanza.

— Na sasa karanga zimeshavunwa, zaidi ya miezi mitano. Daktari bingwa alinieleza: chembe nyekundu za damu zinaishi kama miezi minne, kisha zinakufa. Kiwanda chake ni uboho, ndani ya mifupa. Changu ndicho kilichoharibika, wakakipiga dawa kali, sasa kinazalisha chenyewe. Damu yako ilinivusha, na shukrani zangu hazitaisha. Lakini yenyewe imekwisha. Humu ni Unyamwezi mtupu.

Renatus alisimama taratibu.

— Imekufa yote?

— Yote.

— Damu ya watu imefika hai, mmeiua, na hata taarifa ya msiba hamkuleta?

— Ilizoea ukame. Ilipoona maji ikazama.

— Mchukuzi wewe! Babu yako alidondosha pembe za ndovu, na wewe umedondosha damu ya Wagogo! Lete hongo!

Kashata ikanyakuliwa, si nusu, yote.

— Nusu ushuru, nusu rambirambi!

— Mwizi! Jamani, naibiwa kwenye benchi langu!

Mabruki alilalamika kwa sauti iliyofika mtaa wa Mtendeni, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama maranda ya mbao. Profesa aliangukia ule mto, ameshika mbavu. Nasri alikuwa anakohoa kwa kicheko. Renatus alipaliwa na kashata, macho yakamtoka.

Hapo akatokea Julieth, jirani aliyehamia juzi, na chupa ya uji.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Nimesikia hapa kuna mgonjwa, nimemletea uji wa ulezi. Mgonjwa mwenyewe ni yupi?

Wakatazamana. Mabruki naye akageuka kulia, akageuka kushoto, akimtafuta.